Mila za Chuo Ugenini: Tuliyoyakuta na Tunayoyaomba

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya wanafunzi wanne waliorejea kutoka masomoni Uskoti, mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na sharika pamoja na wafadhili. Inachapishwa hapa kama ilivyosomwa.



 

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia kurudi salama sote wanne. Tunawashukuru na ninyi ambao kwa miaka minne mmetoa nauli, karo na fedha za kujikimu kutoka katika sadaka, mavuno na harambee. Tunajua upo usharika uliochelewesha kuezeka nyumba ya mtumishi wake ili mmoja wetu aweze kulipa pango la muhula wa pili. Hatutalisahau hilo.

Tuliombwa tuzungumzie masomo. Taarifa za masomo tumezikabidhi ofisini kwa maandishi, na vyeti mmeviona. Kwa ruhusa ya mwenyekiti, leo tutazungumzia jambo ambalo tumesikia limewasumbua wengi wenu kuliko matokeo ya mitihani, yaani ile picha.

Wengi mmeiona, maana ilizunguka kwenye simu kutoka parokia moja hadi nyingine. Inamwonyesha mwenzetu amevaa mavazi ya jogoo, yenye upanga wa kitambaa chekundu kichwani, amepakwa povu jeupe tangu nywele hadi viatu, amekumbatia kibao cha mbao kilichoandikwa Kilatini, na anacheka. Maswali yaliyotufikia yalikuwa matatu. Je, alikuwa amelewa? Je, ile ilikuwa ibada ya mashetani? Je, ndiyo kazi iliyofanywa na sadaka zetu? Majibu ni hapana, hapana, na kwa swali la tatu tunaomba mtupe muda kidogo, kwa sababu jibu lake ni refu.

Tunaomba muda huo kwa kuwa rasimu ya mkataba mpya wa ufadhili, iliyo mbele yenu mchana huu, ina kifungu cha 7 kinachosema kwamba mwanafunzi hatashiriki mila, sherehe wala desturi yoyote ya chuo isiyo na msingi katika imani yake, na akishiriki ufadhili wake utasitishwa. Tunaelewa kifungu hicho kimetoka wapi. Tunaamini pia kwamba kikipita kama kilivyo, kitawaumiza vijana watano wanaoondoka Septemba.

Mji tuliosoma unaitwa St Andrews, yaani mji wa Mtume Andrea, nao uko pwani ya mashariki ya Uskoti. Ni mji mdogo. Ukitembea kwa miguu dakika ishirini umeumaliza. Chuo chake ndicho kikongwe kuliko vyote Uskoti. Kilipata hati yake mwaka 1413 kutoka kwa Benedikto XIII, yule aliyekuwa akidai upapa wakati Kanisa limegawanyika. Mahali pakiwa pakongwe kiasi hicho, kila kona ina jambo lake, na mgeni haelezwi mpaka akosee. Desemba mchana una saa 7 tu. Katika giza hilo, mtu asiyejulikana na yeyote anaweza kukaa chumbani wiki nzima na asiulizwe.

Tuanze na vazi. Wanafunzi wa shahada ya kwanza wana joho jekundu la sufu, zito kama blanketi, ambalo huvaliwa kanisani siku ya Jumapili, kwenye chakula rasmi na kwenye matukio ya chuo. Wa mwaka wa kwanza hulivaa likiwa limekaa vizuri mabegani. Wa pili hulishusha kidogo. Wa tatu huliachia bega moja, la kushoto kwa wanaosoma sanaa na la kulia kwa wanaosoma sayansi. Wa nne hulivaa likiwa limeanguka hadi viwikoni, kama mtu anayekaribia kulivua na kwenda zake. Wanaosoma Theolojia wao huvaa jeusi lenye msalaba wa Mtakatifu Andrea wa rangi ya zambarau kifuani upande wa kushoto, na mmoja wetu alikuwa na hilo. Husimuliwa kwamba wakubwa wa zamani walichagua rangi nyekundu ili mwanafunzi anayeingia kilabuni aonekane kutoka mbali. Hatujui wazazi wa hapa wataionaje sera hiyo, lakini sisi tuliipenda.

Joho hilo hulipiwa na mwanafunzi mwenyewe, na jipya ni ghali. Tulinunua yaliyotumika. Tunalitaja hili mapema kwa sababu katika bajeti ya ufadhili hakuna mahali pake, na mmoja wetu alikaa muhula mzima akiingia kanisani na koti la mtumba huku wenzake wote wakiwa wamevaa nyekundu. Hakuna aliyemsema. Hata hivyo alikuwa akikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango.

Baada ya ibada ya Jumapili katika kanisa la St Salvator, wanafunzi hushuka na majoho yao, hupita kando ya magofu ya kanisa kuu la zamani, wakaenda mpaka mwisho wa gati la mawe lililoingia baharini. Pale mwisho hupanda ngazi ya chuma na kurudi wakitembea juu ya ukuta, wamefuatana mmoja mmoja, upepo ukiwapeperusha kama nguo kwenye kamba. Mwenye kizunguzungu hurudi kwa njia ya chini. Wapo wanaosema matembezi hayo ni kumbukumbu ya John Honey, mwanafunzi ambaye mwezi Januari 1800 aliingia baharini mara kadhaa na kuwaokoa mabaharia watano wa merikebu iliyokwama ufukoni, na baadaye akawa mchungaji. Wengine hutoa sababu nyingine. Wapo pia wanaokuja gatini bila kupita kanisani. Kwetu sisi yale matembezi ndiyo yaliyotupa watu wa kwanza wa kuzungumza nao, kwa sababu ukiwa juu ya ukuta mwembamba huna budi kuongea na aliye mbele yako.

Sasa tuje kwenye jambo zito zaidi. Mbele ya lango la kanisa hilohilo, katika mawe ya barabarani, zimepangwa herufi mbili, P na H. Mwanafunzi hazikanyagi. Ukizikanyaga, wanasema, utafeli shahada yako. Jioni yetu ya kwanza mwanafunzi mkubwa alimvuta mwenzetu mkono wa koti kwa nguvu hata kifungo kikatoka, akimzuia asikanyage. Ndipo tukauliza P na H ni nini.

Ni Patrick Hamilton. Alikuwa kijana wa miaka 24 hivi, aliyesoma Paris na kufika Marburg Ujerumani, akarudi kwao na mafundisho ya Luther. Alishitakiwa mbele ya Askofu Mkuu James Beaton na kuchomwa moto mahali pale tarehe 29 Februari 1528. Ilichukua takribani saa 6, tangu adhuhuri hadi jioni.

Kati yetu wanne, wawili ni Wakatoliki na wawili ni Walutheri. Mnaweza kufikiri tulivyotazamana. Walutheri waliona kwamba aliyekufa pale alikufa kwa mafundisho waliyoyasoma darasa la kipaimara. Wakatoliki waliona kwamba aliyetoa hukumu alikuwa askofu wao. Usiku ule tulizungumza hadi saa nane, na tunakiri kwamba hapa nyumbani, ingawa shirika letu limekusanya madhehebu yote mawili kwa miaka mingi, hatujawahi kuzungumza kwa namna hiyo. Tangu siku hiyo, tulipopita na wenzetu tuliziruka zile herufi kama wao. Tulipopita wenyewe tulisimama kidogo, tukanyamaza, tukaendelea.

Kuna aliyetuandikia kutoka huku akiuliza kama kuruka herufi si ushirikina. Tulimjibu kwamba wale vijana hawaamini hivyo kweli, kama vile wengi wetu hapa tusivyoamini habari ya kufagia nyumba usiku na bado hatufagii. Tulimwambia pia kwamba tusingeruka, tusingeuliza, na tusingeuliza, tusingemjua Hamilton.

Aliyekanyaga kwa bahati mbaya ana dawa yake. Tarehe 1 Mei, jua linapochomoza saa 11 na nusu alfajiri, mamia ya wanafunzi hukimbia ufukoni na kujitumbukiza katika Bahari ya Kaskazini ili kujiondolea mkosi. Maji yana nyuzi 8 hivi. Mwenzetu aliyekulia Pangani alikwenda mwaka wa pili, akatoka na kusema kwamba yale si bahari, ni jokofu lisilo na mlango. Wengine wetu tulishika taulo. Tuliulizwa pia kama huo si ubatizo wa mzaha. Hakuna anayetamka neno la ubatizo pale. Watu hupiga kelele, huingia, hutoka wakitetemeka, hunywa chai. Lakini tunasema wazi kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo wengi hukesha wakinywa, na mtu aliyelewa hapaswi kabisa kuingia maji baridi namna ile. Kijana wetu akienda, alale kwanza, aamke alfajiri, aende na mtu anayemjua.

Sasa povu.

Mwanafunzi mpya wa St Andrews hupata wazazi. Hatusemi kwa mfano, ndivyo wanavyoitwa. Wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne huwachukua wa mwaka wa kwanza kuwa watoto wao. Binti huwa mama, kijana huwa baba, na watoto wa mama mmoja ni ndugu. Aliyekuwa mtoto mwaka juzi ni mzazi mwaka huu, kwa hiyo una bibi na babu, na kama hawajamaliza chuo unaweza kuwasalimia. Mama wa mmoja wetu alikuwa na miaka 20, na mtoto wake, huyu aliyesimama hapa kulia, alikuwa na miaka 23. Wiki ya kwanza alishindwa kujua ampe shikamoo au aipokee.

Mama huyo alifanya nini? Alimpeleka kwenye maduka ya mitumba yanayoendeshwa na mashirika ya hisani, akamchagulia koti lisilopitisha upepo. Alimwonyesha jinsi ya kujiandikisha kwa daktari kabla hajaugua. Alimweleza kwamba profesa akisema umwite kwa jina lake la kwanza hakujaribu, amemaanisha, na kwamba kukaa kimya kwenye semina si adabu bali huhesabiwa kuwa hukusoma. Jambo hilo la mwisho peke yake lilimwongezea alama kuliko vitabu vitatu. Alipopata homa mwezi wa pili, ndugu zake wa chuoni walimletea supu, mmoja Mskoti, mmoja kutoka Marekani na mmoja kutoka Malaysia.

Zamani mtoto alimshukuru mkubwa wake kwa kumpa ratili moja ya zabibu kavu, na mkubwa akampa risiti kwa Kilatini. Ndiyo maana mwisho wa wiki wa sherehe hiyo, ambao siku hizi huwa mwezi Oktoba, huitwa Raisin, yaani zabibu kavu. Risiti ipo mpaka leo, ila huandikwa juu ya kitu cha kuchekesha na kigumu kubeba, na mtoto hukibeba kukatiza mji. Mkubwa yeyote akiona kosa kwenye Kilatini, mtoto anapaswa kuimba wimbo wa wanafunzi papo hapo barabarani. Jumapili akina mama huwaalika watoto chai na keki, kisha akina baba huwachukua jioni. Jumatatu asubuhi mama humvika mtoto mavazi ya kuchekesha, na watoto wote hukusanyika kwenye uwanja wa nyasi nyuma ya kanisa, wakapigana kwa povu la kunyolea ndevu. Baada ya saa moja hivi wote ni weupe na hakuna anayejua nani ni Mwingereza na nani ni Mtanzania. Hiyo ndiyo ile picha.

Tatizo ni kwamba zabibu kavu ziligeuka kuwa chupa ya mvinyo. Hatutalificha jambo hili. Jumapili ile kuna unywaji mwingi, kuna nyumba ambazo chai ya mama haina chai ndani yake, na kuna baadhi ya akina baba wanaopima upendo kwa idadi ya glasi. Chuo na chama cha wanafunzi hutoa maelekezo kila mwaka, huweka watu wa huduma ya kwanza, na husisitiza kwamba hakuna anayelazimishwa. Hayo ni kweli. Ni kweli pia kwamba kijana wa miaka 19 aliye peke yake katikati ya watu ishirini wanaopiga makofi hahitaji kulazimishwa na mtu.

Kwa hiyo tulikaa wanne wiki moja kabla. Tuliokuwa mbele mwaka mmoja tuliwaambia waliokuja nyuma waliyoyaona. Tuliamua mambo machache: tutakwenda kanisani kwanza asubuhi, tutakwenda chai kwa mama, kila mmoja atamwambia mzazi wake mapema kwamba hanywi, na giza likiingia tutakuwa pamoja. Kisha mwenzetu wa Theolojia akatoa wazo ambalo hatukulitarajia. Alikwenda dukani akanunua ratili moja kamili ya zabibu kavu, akaifunga kwa karatasi, akampelekea baba yake badala ya mvinyo.

Yule kijana alinyamaza. Kisha akawaita wenzake waje waone. Akasema yeye ni mwaka wa nne, amesikia habari ya zabibu kavu tangu alipofika, na hajawahi kuona mtu akizileta. Alimwandikia risiti kwenye kibao cha mbao, kile mnachokiona kwenye picha, na Kilatini chake kilikuwa na makosa mawili. Mtoto wake, aliyesoma Kilatini seminari ndogo, ndiye aliyeyasahihisha. Mwaka uliofuata familia tatu zilileta zabibu kavu. Chupa zilikuwa bado nyingi zaidi, hatutaki kuwadanganya, lakini kulikuwa na meza ya kukaa kwa asiyekunywa, na waliokaa hapo hawakuwa Watanzania peke yao.

Ndugu wajumbe, tuwaombe mfikirie jambo moja la nyumbani. Mtu wa Uskoti akija kwenye msiba wetu, akamwona mtani anaingia kaburini, analala chali, anakataa kutoka mpaka apewe fedha, wafiwa wenyewe wanacheka huku machozi yanatoka. Akapiga picha na kuipeleka kwenye kamati ya kanisa lake, wataandika nini? Wataandika kwamba sisi hatuheshimu wafu. Watakuwa wameona kila kitu kilichomo kwenye picha. Hawatakuwa wamejua kwamba Mchagga na Mpare, Msukuma na Mzaramo, wana ruhusa ya kutaniana hata siku hiyo, na kwamba mtani yuleyule ndiye aliyechimba kaburi na ndiye atakayepika. Sisi tuliokulia katika utani tulielewa Raisin haraka kuliko wenzetu wa Ujerumani, ambao walikuwa wakiuliza kanuni zake zimeandikwa wapi.

Kuna jambo tunalisema kwa uchungu. Tulikuwa watano tulipoondoka. Mmoja alikwenda chuo kingine, katika mji mwingine, nasi hatutataja chuo wala kamati iliyomtuma. Aliondoka na agizo la kutoshiriki mkusanyiko wowote wa wanafunzi isipokuwa ibada. Alitii. Hakwenda kwenye chakula cha kukaribishana, hakujiunga na chama chochote, hakupiga picha. Wakati wa simu zetu za Jumamosi alikuwa akituambia kwamba anasoma sana. Mwezi Novemba aliugua siku nne na hakuna aliyegonga mlango wake, si kwa ubaya, ila hakuna aliyejua jina lake. Kabla ya Krismasi alirudi nyumbani. Ripoti iliandikwa kwamba alishindwa kuzoea hali ya hewa. Yeye alikuwa na akili kuliko sisi wote wanne, na waliosoma naye kidato cha sita wanalijua hilo. Sasa hivi anafundisha shule ya kata kwao na anaifanya kazi hiyo vizuri. Ametupa ruhusa kusema habari zake hapa, kwa sharti kwamba tusiombe mmwonee huruma. Anaomba msome kifungu cha 7 mara ya pili.

Tulikuwa tumeandaa maelezo ya vyuo vingine pia, lakini muda hautoshi. Tutaje viwili tu, ili msidhani haya ni mambo ya mji mmoja wenye watu wa ajabu. Chuo Kikuu cha Edinburgh ndicho alichosoma Mtumishi wa Mungu Mwalimu Julius Nyerere kuanzia mwaka 1949 na kupata shahada ya MA mwaka 1952. Wahitimu wa chuo hicho huguswa kichwani kwa kofia ambayo kwa miaka mingi imesemekana kushonwa kwa kitambaa cha suruali ya John Knox, mwanamatengenezo aliyefariki mwaka 1572. Kofia ilipokarabatiwa mwaka 2000 ilikutwa ndani yake na lebo ya fundi ya mwaka 1849. Habari ya suruali inaendelea kusimuliwa vilevile. Na huko Oxford wanafunzi hufanya mitihani wakiwa na joho, na kwa desturi hubandika ua la mkarafuu kifuani, jeupe mtihani wa kwanza, la waridi katikati na jekundu wa mwisho. Mwaka 2015 walipigiwa kura suala la kama vazi hilo liendelee kuwa lazima, na zaidi ya robo tatu ya waliopiga kura walisema liendelee. Kijana wetu akifika mahali kama hapo na mkataba unaomkataza desturi yoyote isiyo na msingi katika imani, je, afanye mtihani bila kuvaa?

Tunayoyaomba ni haya. Katika kifungu cha 7 liondoeni neno mila, na mahali pake andikeni mambo yenyewe: ulevi, dawa za kulevya, kujivua nguo hadharani, kumdhalilisha mtu mwingine au kukubali kudhalilishwa. Hayo tutayatia sahihi leo hii kwa niaba ya wadogo zetu. Mwanafunzi akiwa na shaka juu ya desturi fulani, awe na mtu mmoja wa kumwuliza kwa simu, na mtu huyo awe amewahi kusoma nje. Sisi wanne tunajitolea kwa zamu bila malipo. Aidha tunaomba fedha kidogo zitengwe kwa ajili ya joho na kwa ajili ya kumkaribisha mtu chakula, maana mtoto anayekula kwa mama yake kila wiki bila kurudisha hata siku moja huanza kukwepa kwenda.

Tunaomba pia kikao cha kuagana kisiwe cha maombi na nasaha peke yake. Tupeni saa tatu na vijana hao watano. Tutawaeleza mambo ambayo hayamo kwenye barua ya kukubaliwa chuoni: namna ya kusema sinywi bila kuhutubia, namna ya kuondoka mahali saa nne usiku bila kuaga kila mtu, na kwamba anayekuita mtoto wake huku ana miaka 20 hakudharau mama yako aliyekuzaa.

Wazazi watatu walituuliza jana kama watoto wao hawatarudi wakiwa wamebadilika. Watabadilika. Mwenzetu wa Theolojia alirudi na tabia ya kumbishia padre wakati wa semina ya Biblia, na padre mwenyewe ametuambia kwamba mahudhurio yameongezeka. Huyu wa Pangani sasa anakunywa chai bila sukari, na mama yake hajalipokea hilo.

Mwisho, kwa kamati za Dodoma. Kati ya vijana watano wanaoondoka Septemba, wawili wanakwenda St Andrews, na Oktoba si mbali. Zabibu kavu tulizonunua kule hazikuwa za kwetu. Tunaomba ratili mbili za Dodoma, zilizofungashwa vizuri na kuandikwa zilikotoka, zifike ofisini kabla ya mwisho wa Agosti. Majoho yetu matatu mekundu na moja jeusi yapo pale mezani karibu na chai. Mekundu mawili tunayaacha kwa hao vijana, na anayetaka kuyajaribu ayajaribu, ila moja bado lina doa la povu begani ambalo dobi ameshindwa kulitoa.

 Tuko tayari kwa maswali, na tunaomba yale ya pombe yaulizwe kwanza.